Valvu Huliwa Injini Ikiwa Imelala

Mhadhara kwa mafundi, manahodha na wenye boti wa Kinondoni, Temeke na Kigamboni



Naona hapa watu wa Kunduchi na Ununio, watu wa Msasani, waliovuka kutoka Kigamboni, na mafundi walioacha kazi zao Mbagala na Tandika. Kitu tunachokwenda kukizungumza ni kidogo kwa umbo. Ni kipande cha chuma chenye kichwa cha mviringo na shina jembamba, kinachofungua na kufunga mlango wa moshi katika jenereta ya dizeli ya boti. Lakini kipande hicho kikiliwa na chumvi, taa za chombo huzimika, pampu ya ngama husimama, redio hunyamaza, na samaki huharibika kabla ya kufika soko la Feri. Kwa nahodha aliye katikati ya mkondo wa Zanzibar usiku, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Hoja yangu ni moja. Valvu ya ekzosi ya jenereta ya boti huliwa injini ikiwa imelala. Jenereta inayofanya kazi usiku kucha, usiku baada ya usiku, aghalabu huwa na valvu nzima kuliko ile inayowashwa mara moja kwa mwezi ili mwenye boti aisikie ikinguruma. Kinachoiua valvu ni maji ya chumvi yanayoifikia wakati hakuna mtu anayeiangalia. Kwa hiyo fundi anayesaga valvu bila kuitafuta njia iliyoyaleta maji hayo amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo itakayomrudisha mteja gereji.

Moshi na maji katika bomba moja

Jenereta ya nchi kavu, kama zile zinazonguruma nyuma ya maduka yetu umeme ukikatika, hutoa moshi kwa bomba kavu. Ndani ya boti ni hatari kufanya hivyo. Moshi wa dizeli chini ya mzigo hutoka kwenye silinda ukiwa na joto la nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, na bomba lenye joto hilo likipita kati ya mbao, faiba na magodoro linaweza kuwasha moto chombo kizima. Ndiyo maana jenereta nyingi za boti huuchanganya moshi na maji ya bahari. Pampu yenye impela ya mpira huvuta maji kupitia koki iliyo chini ya chombo, huyapitisha kwenye kipozeo ambako huchukua joto la maji matamu ya injini, kisha huyamwaga ndani ya elbo ya ekzosi. Hapo moshi hupoa ghafla kiasi kwamba mpira wa ekzosi unaweza kuubeba. Mchanganyiko huo hushuka kwenye sailensa ya maji, na msukumo wa moshi huurusha nje kupitia tezi au ubavu wa chombo.

Mpango huu umeepusha vyombo vingi na moto. Hata hivyo, umeyaweka maji ya bahari umbali mfupi sana kutoka mlango wa silinda. Injini ikifanya kazi, shinikizo la moshi huyasukuma maji nje bila kukoma. Ikizimwa, hakuna tena kinachoyasukuma. Maji yanabaki kwenye sailensa, mvuke wake unapanda taratibu, na kama kuna kasoro yoyote katika mabomba, maji yenyewe yanapanda.

Sasa fikirini jambo hili, maana wengi hulisahau. Katika injini ya silinda 4 yenye mipigo minne, kila valvu ya ekzosi hukaa wazi kwa zaidi ya nusu mzunguko wa krankshafti. Mkipiga hesabu mtaona kwamba popote injini itakaposimama, angalau silinda moja itakuwa na mlango wa moshi wazi. Hamna namna ya kuizima injini huku milango yote ikiwa imefungwa. Silinda hiyo moja ndiyo inayopokea unyevu wa chumvi juma zima, na injini ikiendelea kulala bila kuzungushwa, ni hiyo hiyo inayoendelea kuumia. Mkifungua silinda hedi mkakuta valvu 3 safi na 1 imeliwa vibaya, msidhani ile moja ilitengenezwa kwa chuma duni. Imetokea tu kwamba ndiyo iliyokuwa wazi.

Chumvi isiyokauka

Kilo moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Sehemu kubwa ni chumvi ile ile tunayotia kwenye mboga, lakini ndani yake mna pia kloridi ya magnesi, na hii ndiyo yenye hila. Chumvi ya mezani huanza kujilowesha kwa kunyonya unyevu wa hewa pale unyevunyevu unapofika kama asilimia 75. Kloridi ya magnesi huanza kwenye asilimia 33 hivi. Hewa ya pwani yetu, kusi au kaskazi, ni nadra kukauka kufikia hapo. Maana yake ni kwamba tone la maji ya bahari likifika kwenye valvu halikauki likaisha. Maji hupungua, chumvi hubaki, na chumvi hiyo huendelea kunywa kutoka hewani na kuulowesha uso wa chuma mchana na usiku. Fundi anayesema "niliacha wazi ikauke" anapaswa kujua kwamba chumvi ya bahari haikauki hapa Dar es Salaam mpaka ioshwe.

Chuma cha valvu ya ekzosi kina kromi, na kromi hujenga ngozi nyembamba sana inayokilinda. Kloridi huitoboa ngozi hiyo mahali padogo padogo, na kutoka kila tobo hilo kutu huchimba kwenda ndani badala ya kutambaa juu. Ndiyo asili ya vishimo tunavyoviona usoni mwa valvu. Siti, ambayo valvu huegemea, na gaidi, inayoliongoza shina lake, ambazo mara nyingi ni za chuma cha kusubu, hushika kutu wazi wazi.

Madhara ni ya namna mbili. La kwanza ni valvu kukwama. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na nafasi kati ya shina la valvu na gaidi ni sehemu chache za mia za milimita. Kutu kidogo tu huijaza. Siku injini inapowashwa, valvu haishuki au haipandi, pushirodi hupinda, na pengine pistoni huigonga valvu iliyogoma kufunga.

La pili huja polepole zaidi. Valvu ya ekzosi hupoa hasa kwa kuegemea siti yake. Takriban robo tatu ya joto lake hupita hapo kwenda kwenye maji ya injini. Uso ukiwa na vishimo, valvu haiegemei sawasawa. Joto halitoki, na moshi wenye moto mkali hupenya kwenye kishimo na kukipanua kuwa mfereji. Mwishoni fundi hutoa valvu iliyopasuka ukingo na kutoa hukumu kwamba imeungua. Ni kweli imeungua, lakini kilichofungua mlango wa kuungua ni chumvi iliyotangulia miezi mingi kabla.

Kwa vijana wanaosomea kwenda meli kubwa, niongeze jambo. Meli zinazoingia bandari yetu zikichoma mafuta mazito hupata ulikaji wa namna nyingine, ule wa moto. Mafuta hayo huweza kuwa na vanadi, na maji ya bahari yakichanganyika nayo huleta sodiamu. Viwili hivyo vikikutana ndani ya silinda huunda majivu yanayoyeyuka kwenye joto la kati ya nyuzi 500 na 700 hivi, yakaganda juu ya valvu na kuitafuna wakati injini ikiwa kazini. Dawa yake ni kusafisha mafuta kwa mashine za kutenganisha maji, kupoza siti, na kutumia aloi zenye kobalti na kromi kama Stellite, au zenye nikeli kama Nimonic. Jenereta zetu ndogo za dizeli nyepesi hazina tatizo hilo la vanadi. Tatizo letu ni la baridi, na dawa yake ni nafuu zaidi.

Maji hufuata mkondo

Wazee walisema maji hufuata mkondo. Kazi ya fundi ni kuujua mkondo huo kabla hajashika spana. Ninazijua njia tano.

Njia ya kwanza ni sifoni. Kila aliyewahi kuhamisha dizeli kutoka pipa kwenda dumu kwa mpira anajua kwamba mafuta yakishaanza kutiririka huendelea yenyewe. Bahari hufanya vivyo hivyo kupitia mpira wa maji ya kupozea, iwapo mahali maji yanapoingia kwenye elbo pako chini ya usawa wa bahari au karibu nao mno. Kanuni inayotumika sana kwa wafungaji wa injini ni hii: ikiwa mahali hapo hapajafika sentimita 15 juu ya usawa wa maji chombo kikiwa na shehena, ni lazima pawepo valvu ya kuvunja sifoni, na iwekwe angalau sentimita 30 juu ya usawa huo. Pimeni chombo kikiwa kimejaa watu, barafu na mafuta. Boti tupu iliyopimwa ikielea juu hudanganya. Valvu hiyo nayo huziba kwa chumvi, kwa hiyo ifunguliwe na kuoshwa kwa maji matamu mara kwa mara.

Njia ya pili ni kupiga stata kupita kiasi. Kila injini inapozungushwa bila kuwaka, pampu huleta maji kwenye elbo, lakini hakuna moshi wa kuyatoa. Sailensa hujaa, kisha maji hurudi kwenye manifodi ya ekzosi na kuingia silinda iliyo wazi. Jenereta ikigoma kuwaka baada ya kujaribu mara mbili tatu kwa sekunde chache chache, fungeni koki ya bahari na mwage maji ya sailensa kabla ya kuendelea kutafuta kasoro. Ikiwaka, koki ifunguliwe papo hapo, kwa kuwa impela ya mpira haivumilii kuzunguka kavu.

Njia ya tatu ni kinywa cha kuvutia maji kinachoelekea omo. Kinywa hicho kikiwekwa kwa ajili ya jenereta, boti inapokwenda kwa injini kubwa huku jenereta imezimwa, mwendo husukuma maji kupita kwenye impela mpaka ekzosi. Kinywa cha jenereta kisielekee mbele, na koki yake ifungwe jenereta inapolala.

Njia ya nne inatuhusu sana sisi. Kupwa na kujaa kwa bamvua katika pwani hii hupishana kwa zaidi ya mita 3. Boti nyingi za Kunduchi na Msasani hupwelewa na kulala ubavu mchangani. Sailensa iliyofungwa upande mmoja mbali na mkuku huinuka chombo kinapolala upande wa pili, na maji yake humiminika kuelekea injini. Vilevile wakati wa kusi, wimbi linalopiga tezi huweza kuyasukuma maji ndani ya tundu la moshi. Sailensa iwe karibu na mstari wa kati wa chombo na chini ya elbo, mpira wa ekzosi upande juu kwenye kona kabla ya kushuka nje, na tundu la nje liwe na kifuniko kinachojifunga.

Njia ya tano ni elbo yenyewe. Ndani yake moshi wa moto na maji ya chumvi hukutana, na hakuna mahali pengine kwenye chombo ambapo chuma huteswa kiasi hicho. Ukuta unaotenganisha njia ya moshi na njia ya maji hutoboka ndani huku nje ukionekana mzima, na maji hudondokea manifodi kila injini inapozimwa. Hata elbo ya chuma cha pua hutoboka, hasa kwenye mishono. Itolewe kila mwaka, igongwe kusafishwa masizi, izibwe na kujaribiwa kwa shinikizo la maji. Iliyotoboka ibadilishwe. Kuchomelea tundu moja katika ukuta uliokwisha kuliwa wote ni kuahirisha hasara, na hasara inayokuja ni ya silinda hedi.

Dalili na vipimo

Jenereta yenye valvu inayovuja huwa ngumu kuwaka asubuhi, hutetema, hutoa moshi mweupe au wa kijivu, na hushindwa kubeba mzigo iliokuwa ikiubeba. Sikilizeni mdomo wa ekzosi: pigo moja hupungua nguvu kwa mpangilio usiobadilika. Vuteni kijiti cha oili: oili iliyogeuka nyeupe-kahawia imeingiwa na maji.

Kipimo cha kompresheni hutuambia silinda ipi ni dhaifu, lakini hakituambii kwa nini. Kipimo kizuri zaidi hakihitaji vifaa vya gharama. Pistoni ipandishwe juu kabisa katika mpigo wa kubana, nozeli ya silinda hiyo itolewe, kisha hewa yenye shinikizo dogo iingizwe kwa kompresa, hata ile ya fundi pancha. Toeni kwanza spana mliyozungushia krankshafti, kwa kuwa hewa inaweza kuizungusha ghafla. Hewa ikisikika kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi inavuja. Ikisikika upande wa kuvutia hewa, ni valvu ya upande huo. Ikitoka kwenye mdomo wa kutilia oili, ringi zimechoka. Mapovu kwenye maji ya injini yanaonyesha gasketi au hedi iliyopasuka. Dakika chache za kusikiliza huokoa siku nzima ya kufungua mahali pasipo na kosa.

Saa za kwanza

Ikiwa maji ya bahari yameingia silinda leo, kila saa ina thamani. Injini iliyohudumiwa siku hiyo hiyo inaweza kupona bila kufunguliwa hedi. Iliyoachwa hadi wiki ijayo itafunguliwa.

Msipige stata. Maji hayabanwi, na pistoni ikiyakuta juu itapinda mkono wake. Fungeni koki ya bahari, mwage sailensa, toeni nozeli zote, kisha zungusheni injini kwa spana polepole huku mkiweka nyuso mbali na matundu. Maji yakiisha, zungusheni kwa stata kwa muda mfupi. Badilisheni oili na filta. Tieni oili safi kidogo kila silinda, zungusheni tena, rudisheni nozeli na muwashe baada ya kuondoa chanzo cha maji, na koki ifunguliwe papo hapo injini ikiwaka. Injini ikishapata joto izimwe, oili ibadilishwe tena, na zoezi lirudiwe mpaka oili ibaki na rangi yake. Kisha ifanye kazi chini ya mzigo kwa saa kadhaa. Oili inayomwagwa mara mbili au tatu inaumiza mfuko, lakini ni nafuu mno kuliko krankshafti.

Valvu ikiwa imekwama, mafuta ya kupenyeza yawekwe kwenye shina, yaachwe yafanye kazi, kisha valvu igongwe taratibu kwa nyundo laini huku ikizungushwa. Hakikisheni kwanza pistoni haiko juu. Asiyekuwa na subira hapa huvunja kichwa cha valvu kikaangukia ndani ya silinda.

Juu ya meza ya fundi

Hedi ikilazimika kushuka, bolti zilegezwe kwa hatua kufuata mpangilio wa kitabu cha injini, kwa kawaida kutoka nje kwenda katikati, ili hedi isipinde. Kila valvu iwekewe alama ya silinda yake. Masizi yasafishwe, kisha uamuzi ufanywe kwa vipimo.

Shina lipimwe kwa maikromita juu, katikati na chini. Shina lenye vishimo halina tiba. Valvu hiyo itupwe, kwa kuwa kila kishimo kitabeba masizi na kuikwangua gaidi mpya. Uso wenye vishimo vya juu juu unaweza kukatwa kwa mashine kwa pembe iliyoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi nyuzi 45 au 30, mradi ukingo wa kichwa usibaki mwembamba chini ya kipimo cha kitabu. Ukingo mwembamba hupata joto upesi na kupasuka. Siti ikatwe kwa pembe yake na upana wake urekebishwe. Siti nyembamba mno haipitishi joto, na iliyo pana mno hukusanya masizi. Gaidi iliyolegea ibadilishwe kabla ya kukata siti, maana siti hufuata mhimili wa gaidi.

Ndipo valvu isagwe kwa dawa laini, kidogo tu, mpaka utokee mstari wa kijivu usiokatika. Kusaga si mbadala wa kukata. Fundi anayesaga kwa muda mrefu ili kufuta vishimo virefu huizamisha valvu ndani ya hedi, kompresheni hushuka, na jenereta hurudi ngumu kuwaka kama mwanzo. Pimeni kina cha valvu kutoka uso wa hedi. Osheni dawa yote ya kusagia, kwa kuwa chembe moja iliyobaki kwenye gaidi huendelea kusaga siku zote. Mwisho mimineni mafuta ya taa kwenye tundu la moshi na mwangalie upande wa pili. Valvu iliyokaa sawa haivujishi.

Hedi ipimwe unyoofu kwa rula na fila geji, gasketi iwe mpya na ya unene uliotakiwa, bolti zikazwe kwa spana ya torki kwa hatua. Nafasi za tapeti zirekebishwe, na zipimwe tena baada ya saa za mwanzo za kazi kama kitabu kinavyoagiza.

Kuhusu spea, jenereta nyingi za boti zimejengwa juu ya injini za viwandani au za matrekta za Kubota, Perkins au Yanmar. Kinachozifanya ziwe za baharini ni manifodi, elbo, pampu na kipozeo. Andikeni namba ya injini kamili mnapokwenda kununua spea mtaa wa Gerezani. Valvu mnayoambiwa haipatikani huenda iko kwenye duka la spea za trekta. Msinunue valvu iliyotumika kwa ajili ya ekzosi ya boti.

Namna ya kulaza injini

Mfano wa injini iliyolazwa vizuri tunao nchini kwetu: mwaka 1913 meli iliyoitwa Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye makasha takriban 5,000, ikashushwa hapa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma ikaungwe upya. Mnamo Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na baada ya miaka hiyo yote majini mitambo na boila zake zilikutwa zingali zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na injini zake za mvuke ziliendelea kutumika mpaka zilipobadilishwa kwa dizeli katika miaka ya 1970. Ziwa Tanganyika si maji ya chumvi, hilo nalikubali. Lakini mafundi wale walifanya kazi ya kinga katika saa ya kushindwa, wakijua wanaiacha mashine isiyojulikana nani ataiopoa. Sisi tunaoziacha injini zetu kwa wiki chache tu hatuna udhuru.

Kwa jenereta inayotumika, kinga ni kuifanyisha kazi ya kweli. Kila lita ya dizeli inayoungua huzaa karibu lita nzima ya maji kwa umbo la mvuke. Injini ikipata joto, mvuke huo hutoka. Ikiwashwa dakika 5 bila mzigo na kuzimwa, hugeuka matone ndani ya manifodi na juu ya valvu, ukichanganyika na masizi na asidi. Kwa hiyo iwashwe kila wiki, ibebeshwe mzigo wa angalau theluthi moja ya uwezo wake kwa nusu saa hadi saa nzima, kisha ipumzishwe dakika chache bila mzigo kabla ya kuzimwa. Mnaponunua, msinunue jenereta kubwa kupita mahitaji; ile inayobeba taa tatu usiku kucha hujaa masizi na unyevu.

Kwa jenereta itakayolala muda mrefu, kama wakati wa kusi kali, isafishwe njia ya bahari kwa maji matamu. Maji yawekwe kwenye ndoo, na pampu iyavute yenyewe injini ikiwa inawaka. Msiunganishe mpira wa bomba lenye shinikizo moja kwa moja kwenye njia hiyo injini ikiwa imezimwa, maana mtaijaza silinda kwa mikono yenu. Na mwonje maji kwanza, kwa sababu visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Kisha koki ifungwe, sailensa imwagwe, oili ibadilishwe, na oili safi kidogo itiwe silinda zote huku injini ikizungushwa kwa mkono. Kwa usingizi wa miezi, roka zilegezwe ili valvu zote zifunge, na tundu la ekzosi lizibwe. Kibao kining'inizwe kwenye swichi kikisema wazi: koki imefungwa, roka zimelegezwa, ekzosi imezibwa. Zinki za kinga zilizo kwenye kipozeo zibadilishwe pia, lakini msizitegemee kupita kazi yake. Hulinda kipozeo, haziifikii valvu.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa mafundi naomba jambo moja. Msikabidhi jenereta iliyotengenezwa valvu bila kumwonyesha mwenye boti maji yalipopita. Mwonyesheni elbo, valvu ya sifoni, kimo cha elbo juu ya bahari. Kama mkondo haujaonekana, kazi haijaisha, na mwambieni hivyo kabla hamjapokea malipo ya mwisho.

Kwa wenye boti: lipeni kazi ya ukaguzi. Wengi wenu mnalipa bila kusita kwa spea mnayoishika mkononi, lakini fundi akiomba malipo ya saa alizotumia kupima mnaona anawaibia. Saa hizo ndizo zinazookoa hedi. Wekeni daftari ndani ya boti la tarehe, saa za kazi, oili, impela na elbo, na nahodha aliandike yeye mwenyewe.

Kwa walimu wa VETA Chang'ombe, wa Chuo cha Bahari na wa chuo cha uvuvi cha Mbegani: mpeni kila mwanafunzi elbo iliyotoboka aikate katikati kwa msumeno na kuutazama ukuta wake wa ndani. Somo hilo halina gharama, kwa kuwa elbo mbovu zimejaa kwenye mirundo ya vyuma chakavu vya jiji hili.

Nanyi vijana, ufundi wa baharini unawahitaji. Vyombo vya faiba vyenye jenereta vinaongezeka katika pwani yetu, na watu wanaolala ndani yake wanategemea kazi ambayo hawataiona kamwe. Kuanzia wiki hii, fungueni valvu ya sifoni ya boti moja tu iliyo karibu nanyi, muioshe, na muandike tarehe. Mtakaporudi mwezi ujao na kukuta imeziba tena, mtakuwa mmeelewa kazi hii kuliko nilivyoweza kuieleza.

 Sasa nakaribisha maswali, na mwenye elbo yake ailete hapa mezani tuitazame pamoja.